Nishati na presha kuyumba pamoja kwenye vimiminika vyepesi: maswali yanayojirudia

Nimekusanya hapa maswali ambayo watu wanauliza tena na tena wakishasikia kwamba kwenye baadhi ya vimiminika nishati na presha zinapanda na kushuka kwa pamoja. Ukiwa mgeni anza juu, ukiwa tayari una simulesheni yako (kompyuta inayoiga mwendo wa atomu) na namba zinakataa kukaa sawa ruka mpaka sehemu ya vipimo.

## Misingi

Hivi hii korelesheni ni ya nini na nini hasa?

Chukua kimiminika kilichotulia, joto lake halibadiliki na ujazo wake haubadiliki. Kwa macho hakuna kinachotokea, lakini ndani atomu zinagongana muda wote, kwa hiyo nishati yake inayumba, inapanda kidogo inashuka kidogo kuzunguka wastani, na presha nayo inayumba vilevile. Swali ni je, hizi mbili zinayumba kila moja kivyake au zinafuatana?

Kwenye vimiminika vingi vyepesi, yaani vyenye muundo rahisi kama argoni, zinafuatana, na zinafuatana sana. Ukichora grafu, nishati kwenye mhimili mmoja na presha kwenye mwingine, nukta moja kwa kila hatua ya simulesheni uliyorekodi, hupati wingu la mviringo, unapata kitu chembamba kirefu kama mstari. Kuna korelesheni ya 0.9 na zaidi. Hili halikutegemewa, maana ukiangalia tu fomula za hizo mbili hakuna sababu ya wazi ya kufuatana hivyo.

Ni presha yote au sehemu yake?

Sehemu yake, na hapa ndo wengi wanapotea. Presha ina vipande viwili: kimoja kinatokana na mwendo wa atomu (kile tunachokijua kwenye gesi bora, N kB T) na kingine kinatokana na atomu kusukumana na kuvutana. Tunaandika pV = N kB T + W (p ni presha, V ujazo, N idadi ya atomu, kB namba ya Boltzmann, T joto), na hiyo W inaitwa viriali. Nishati nayo ni hivyohivyo, kuna nishati mwendo na kuna nishati tuli U inayotokana na mahali atomu zilipo.

Korelesheni tunayoizungumzia ni kati ya W na U. Yaani sehemu zile mbili zinazotegemea mpangilio wa atomu tu, mwendo umetolewa pembeni. Ukichukua presha nzima na nishati nzima bila kutoa mwendo picha inachafuka.

R ni nini na γ ni nini, mbona zote mbili zinatajwa pamoja?

R ni korelesheni ya kawaida ya takwimu. Unachukua kila W unatoa wastani wake, kila U unatoa wastani wake, unazidisha, unatafuta wastani wa hiyo zao, halafu unagawanya kwa mzao wa mikengeuko wastani ya hizo mbili. Inatoka namba kati ya -1 na 1. Kwa mazoea tunasema kimiminika kina korelesheni kali R ikizidi 0.9. Hiyo 0.9 ni mpaka uliowekwa na watu kwa ajili ya urahisi, usidhani kuna kitu kinapasuka kwenye 0.89.

γ ni mwinamo: wastani wa zao la mayumbo ya W na U, ugawanye kwa wastani wa mraba wa mayumbo ya U. Inakwambia U ikipanda kwa kiasi fulani W inapanda mara ngapi ya hicho kiasi. R inasema mstari ni mwembamba kiasi gani, γ inasema umelala au umesimama vipi. Unaweza kuwa na γ nzuri kabisa na R mbovu, hapo γ haina maana kubwa.

Nani waligundua?

Kikundi cha Chuo Kikuu cha Roskilde, Denmaki: Ulf Pedersen, Nicholas Bailey, Thomas Schrøder na Jeppe Dyre, walichapisha 2008. Ndo maana siku hizi utasikia watu wanaviita vimiminika hivi vya Roskilde. Kinachonigusa mimi ni kwamba potenshali ya Lennard-Jones, yaani fomula ya nishati kati ya atomu mbili kulingana na umbali wao, ilishatumika kwenye simulesheni miongo mingi kabla, mwanafizikia Rahman alishaweka atomu 864 za argoni kwenye kompyuta mwaka 1964, na U na W zote mbili zinahesabiwa kwenye simulesheni kama hizi kila siku. Data zilikuwepo, ilibaki mtu kuzichora moja dhidi ya nyingine.

## Kwa nini inatokea

Nielezee kwa njia rahisi kwa nini ziende pamoja.

Anza na kesi safi kabisa. Tuseme nguvu kati ya atomu mbili inatokana na potenshali ya aina moja tu, v = A ikigawanywa kwa umbali r uliopandishwa kwenye kipeo n. Mchango wa hiyo jozi kwenye viriali ni theluthi moja ya r mara mwinamo wa potenshali, alama ikigeuzwa. Fanya hiyo hesabu, inatoka (n/3) mara v yenyewe. Jumlisha jozi zote: W = (n/3) U. Sawa kabisa, kila wakati, R = 1 na γ = n/3. Hakuna ujanja.

Sasa atomu za kweli haziko hivyo, zina kusukumana zikikaribiana na kuvutana zikiachana kidogo. Ila kinachoyumba hasa ni jozi zilizo kwenye gamba la kwanza la majirani, na kwenye eneo hilo dogo la umbali potenshali inafanana sana na kipeo kimoja kikali pamoja na kipande kilichonyooka, yaani kitu kinachoongezeka sawasawa na r. Na hicho kipande kilichonyooka kina tabia nzuri sana: ujazo ukiwa haubadiliki, jirani mmoja akisogea mbali mwingine anasogea karibu, kwa hiyo ukijumlisha juu ya majirani wote jumla yake karibu haibadiliki kabisa. Kinafutika chenyewe, kinabaki kile kipeo, na kipeo ndo kinacholeta mstari.

Kwa hiyo ukiulizwa siri iko wapi, sema ujazo uliofungwa. Ukiuachia ujazo ucheze, kile kipande kilichonyooka hakifutiki tena.

Lennard-Jones ina kipeo cha 12, kwa hiyo γ ingekuwa 4. Mbona napata karibu 6?

Swali zuri na linaulizwa karibu kila mara. Hiyo 12 ni ya sehemu ya kusukumana peke yake. Lakini sehemu ya kuvutana, ile ya kipeo cha 6, inatolewa kutoka kwake, na matokeo yake ukuta wa potenshali unakuwa mkali zaidi ya 12 ulivyo.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe kwa karatasi. Kwa kuwa kipande kilichonyooka hakihesabiki, kinachobaki ni kuanzia derivativu ya pili kwenda juu. Kwa kipeo safi n, derivativu ya tatu mara r ugawanye kwa ya pili, ukigeuza alama, inatoa n + 2. Fanya hivyo kwa Lennard-Jones pale chini kabisa ya shimo la potenshali, umbali wa 1.12σ hivi (σ ni umbali ambao potenshali ni sifuri). Juu inatoka 1512, chini 72, jibu 21, toa 2 unabaki na 19. Sogea mpaka r = σ, inatoka kama 14. Kimiminika cha kawaida kinakaa zaidi karibu na shimo, kwa hiyo kipeo chake cha kweli ni kama 18, na 18 ugawanye kwa 3 ni 6. Ukikibana sana densiti ikapanda mno, atomu zinasukumwa ndani ya ukuta ambako 12 ndo inatawala, na γ inashuka taratibu kuelekea 4.

Kama W inaenda na U, mbona U yangu ni hasi na presha ni chanya?

Kwa sababu mayumbo ndo yanafuatana, sio wastani. Mstari wa W dhidi ya U haupiti kwenye sifuri. Kile kipande kilichonyooka kwenye swali la juu, pamoja na namba zake zisizobadilika, kinahamisha mstari mzima kwenda sehemu nyingine ya grafu bila kugusa mwinamo wake. Ndo maana korelesheni inabaki kali hata presha ikiwa sifuri au hasi kidogo.

## Vipi vina, vipi havina

Orodha ya vimiminika vyenye korelesheni kali iko wapi?

Argoni na ndugu zake wa gesi adimu, mchanganyiko wa Kob na Andersen (modeli ya kompyuta yenye aina mbili za atomu, 80 kwa 20) ambao watu wa kioo wanaupenda, modeli za molekuli zinazoshikana kwa nguvu za van der Waals kama toluini na ortho-terfenili. Na metali! Mwaka 2015 zilitoka hesabu za kikwantumu za elementi 58 zikiwa za kimiminika pale hali tatu zinapokutana, na metali nyingi zikaonyesha W na U zinakwenda karibu sambamba. Hili ni kubwa maana metali hazina potenshali ya jozi jozi kama Lennard-Jones, elektroni zake zinashirikiana kitu kizima, kwa hiyo maelezo ya jozi niliyotoa juu hayatoshi hapo.

Na sio vimiminika tu, fuwele na kioo cha vitu hivyohivyo vinaonyesha korelesheni hiyo pia.

Na maji?

Maji hapana. R ya maji iko karibu na sifuri. Bondi za haidrojeni zina mwelekeo, zinataka pembe fulani, na zinashindana na ule ukuta wa kusukumana: kuna sehemu ya nishati inayofuata bondi na sehemu inayofuata msongamano, kila moja inavuta kwake. Methanoli nayo ni mbovu kwa sababu hiyohiyo. Silika yenye mtandao wa bondi hali ni hiyo, na kwenye chumvi zilizoyeyuka korelesheni hupungua nguvu.

Maji yana ushahidi mzuri ambao hauhitaji kompyuta. Kwenye nyuzi 4 za Selsiasi densiti ya maji ni kubwa kuliko joto lolote jingine, maana yake pale ukipasha maji kwenye ujazo uliofungwa presha haipandi wala haishuki. Sasa mayumbo ya W na U kwa pamoja yanahusiana moja kwa moja na jinsi presha inavyopanda ukipasha kwa ujazo uliofungwa, ukishatoa mchango wa gesi bora. Presha haipandi, ukitoa ule mchango unabaki na hasi ndogo. Kwa hiyo kwenye nyuzi 4 korelesheni ya maji ni lazima iwe hasi kidogo. Kimiminika chochote chenye tabia hiyo ya densiti kufika kilele hakiwezi kuwa cha Roskilde pale kileleni.

Kuna ushahidi wa maabara au ni kompyuta tu?

Upo. Mayumbo yenyewe huwezi kuyaona moja kwa moja kwenye chupa, yana kasi mno na chombo kikubwa yanazama, lakini data za kawaida za presha, densiti na nishati zinatosha kuangalia upande wa pili wa hesabu. Kwa argoni iliyopashwa juu ya nukta ambayo kimiminika na gesi havitofautishwi tena (150.7 K kwa argoni), kikundi cha Roskilde walipata korelesheni takriban asilimia 96 kutoka kwenye data za majaribio.

Halafu 2011 kukatoka jaribio la mafuta ya silikoni yanayogeuka kioo, DC704. Walipima γ kwa njia mbili zisizotegemeana, moja kutoka kwenye jinsi kimiminika kinavyoitikia joto na presha, nyingine kutoka kwenye jinsi mnato wake unavyobadilika ukikibana. Zote zilikuja karibu na 6. Kwangu hilo jaribio ndo linaloshawishi kuliko yote, kwa sababu ile njia ya kwanza haikuangalia kabisa mwendo wa kimiminika ukibadilika na densiti.

## Kupima kwenye simulesheni yako

Nitumie NVT, NVE au NPT?

NVT. Herufi hizi zinataja kilichofungwa: N idadi ya atomu, V ujazo, T joto, E nishati, P presha. Ujazo ufungwe, joto lidhibitiwe. R na γ zimefafanuliwa hivyo. Ukitumia NPT umeilazimisha presha ikae mahali pamoja kwa wastani huku ujazo unacheza, na hapo unachopaswa kuangalia ni ujazo na nishati, sio W na U.

Nimepata γ ya maelfu, nimekosea wapi?

Karibu kila mara ni hili. LAMMPS (programu ya simulesheni za atomu) ukiwa kwenye yuniti za `lj` inakupa nishati kwa kila atomu, sio jumla, lakini viriali wewe umeizidisha kwa ujazo mzima. Ukiwa na atomu 1,000 na γ ya kweli ni 6, utaona 6,000. R haitabadilika maana R haijali kuzidisha kwa namba, ndo maana unaona R nzuri unaanza kuamini γ. Weka `thermo_modify norm no`, au gawa mwenyewe.

Kosa la pili ni kuchukua presha nzima. Tumia `compute pvir all pressure NULL virial`, hiyo inaacha mwendo pembeni, halafu zidisha kwa ujazo upate W. Na kama hauko kwenye `lj` kumbuka kugeuza yuniti, bar mara ujazo sio elektronivolti.

Atomu ngapi zinatosha?

Mayumbo ya U na ya W yote yanakua sambamba ukiongeza atomu, kwa hiyo R na γ hazitegemei ukubwa wa mfumo. Elfu moja ni sawa kabisa. Afadhali utumie muda kurefusha simulesheni kuliko kuongeza atomu, hasa kimiminika kikiwa kizito.

Je, kukata potenshali kwenye 2.5σ kunaharibu?

Hapana, sio kwa maana inayokusumbua. Marekebisho ya mkia wa mbali ni namba isiyobadilika ujazo ukifungwa, na namba isiyobadilika haigusi mayumbo.

## Isomofu: faida yenyewe iko hapa

Sawa, zinafuatana. Inanisaidia nini?

Korelesheni ni dalili ya kitu kikubwa zaidi. Kimiminika chenye R kali kina mistari kwenye grafu ya densiti na joto, inayoitwa isomofu, ambayo ukitembea juu yake kimiminika kinabaki kilekile: mpangilio wa atomu uleule, mwendo uleule, mnato uleule, mradi upime kwa yuniti zilizopunguzwa. Yaani urefu upimwe kwa nafasi ya wastani kati ya atomu, na muda upimwe kwa muda ambao atomu inahitaji kuvuka nafasi hiyo kwa kasi ya joto. Grafu iliyokuwa na vipimo viwili inakuwa na kimoja tu chenye maana.

Jaribu na namba. Una γ ya 6 na uko kwenye 100 K. Ongeza densiti kwa asilimia 5. Kubaki kwenye isomofu joto lipande mara 1.05 kwenye kipeo cha 6, ambayo ni 1.34, kwa hiyo nenda 134 K. Endesha simulesheni mbili, chora mtawanyiko wa atomu kwa muda kwa yuniti zilizopunguzwa, mistari miwili italaliana. Kisha jaribu 100 K na densiti mpya bila kupandisha joto uone tofauti. Fanya hili kabla hujasoma makala yoyote zaidi, litakuelewesha kuliko maelezo yangu.

γ ni moja kwa isomofu nzima?

Hapana, inabadilika na densiti, kama ilivyo kwenye swali la kipeo cha 12. Ile hesabu ya 1.05 ni ya hatua ndogo. Kwa safari ndefu ama piga hatua ndogo ndogo ukihesabu γ upya kila mara, au fanya hivi: chukua mipangilio kadhaa ya atomu kwenye densiti ya kwanza, ibane yote kufika densiti ya pili bila kuendesha chochote, hesabu U mpya, chora U mpya dhidi ya U ya zamani. Mwinamo wa mstari huo ni joto jipya gawanya kwa joto la zamani.

Entropia inaingia wapi?

Isomofu ni mstari ambao entropia ya ziada, yaani entropia ukishatoa ile ya gesi bora yenye densiti na joto hilohilo, haibadiliki. Mwanafizikia Rosenfeld alishaonyesha 1977 kwamba mwendo wa vimiminika vyepesi unafuata entropia ya ziada, na hapa unapata sababu yake. Mstari wa kuyeyuka nao ni isomofu kwa ukaribu, kwa hiyo ile kanuni ya Lindemann, kwamba fuwele inayeyuka atomu zikitetemeka sehemu fulani ya nafasi kati yao, inashika kwenye mstari mzima.

## Kesi za pembeni

Kimiminika changu kilikuwa na R ya 0.95, nimepanua ujazo imeshuka sana. Kimeharibika?

Hakijaharibika. Kuwa na korelesheni kali ni tabia ya hali fulani, sio ya kemikali milele. Densiti ikishuka, ukikaribia nukta ile ya kimiminika na gesi kuwa kitu kimoja, au ukiingia kwenye gesi, majirani hawajajaa kwenye gamba la kwanza, kile kipande kilichonyooka hakifutiki tena, mvuto wa mbali unapata sauti, na R inaanguka.

Tufe ngumu zina R ngapi?

Hazina. Hii ni modeli ya mipira inayogongana tu bila kuvutana, nishati tuli yake ni sifuri muda wote, haiyumbi, huwezi kugawanya. Isomofu zake ni rahisi kupita kiasi, joto halibadilishi chochote isipokuwa kasi.

Molekuli zenye springi ndani yake?

Hapa kuwa makini. Modeli yenye bondi ngumu, urefu umefungwa, inaweza kuwa na R nzuri kabisa. Badilisha bondi ziwe springi, R inaporomoka, maana springi zinachezesha nishati bila kufuata ukuta wa kusukumana. Ajabu ni kwamba mistari ya mwendo usiobadilika bado inaweza kuwepo, ila huwezi tena kuipata kwa kuangalia mayumbo ya W na U.

Je, kuna ufafanuzi usiotumia R kabisa?

Upo, wa Schrøder na Dyre, 2014. Chukua mipangilio miwili ya atomu kwenye densiti ileile, wa kwanza una nishati ndogo kuliko wa pili. Ibane yote miwili kwa kiasi sawa. Kama wa kwanza bado una nishati ndogo, na hivyo kwa karibu mipangilio yote, mfumo ni wa Roskilde. R kali inatoka yenyewe kwenye sharti hilo, na isomofu pia. Sharti hili halitaji jozi wala kipeo popote, kwa hiyo linazibeba hata metali ambazo yale maelezo ya kipande kilichonyooka yalishindwa kuzifikia.

Na utando wa seli, nimesikia nao una kitu kama hiki?

Simulesheni za utando wa lipidi zimeonyesha ujazo na nishati vikiyumba pamoja, ila kwenye mayumbo ya polepole, sio kila mtikisiko. Lazima uchukue wastani wa muda kwanza ndo mstari utokee, kwa sababu mitikisiko ya haraka ya maji na vichwa vya lipidi inaufunika. Ukichora data ghafi utaona wingu tu, usikate tamaa, chukua wastani wa vipande virefu zaidi kisha chora tena.